Kanga wa Kushona kwa Mkono: Maneno ya Katibu wa Chama cha Vingunguti



Twasema machache katika siku hii ambayo Chama Kikuu chetu chatimiza miaka 10. Waliotutangulia wamesema habari za hisa, za mikopo na za majengo, nasi tumezisikia kwa furaha. Sisi wa Vingunguti hatukuja na jengo. Tumekuja na ndege. Ndege mwenyewe ni huyu ambaye tangu asubuhi amekuwa akipita mkono kwa mkono katika safu zenu: kanga wa kitambaa, mwenye urefu wa sentimeta 14, asiye na miguu, aliyeshonwa kwa mkono tangu mdomo hata mkia. Twaomba mtuvumilie tukiwaeleza jinsi anavyoshonwa, maana katika kushonwa kwake mna jambo moja lililotupata, ambalo hatukupenda kulisema, lakini twaona lafaa liandikwe katika kitabu hiki cha ukumbusho pamoja na yale mema.

Yamkini mtu atauliza, ndege wa kuchezea watoto na ushirika wapi na wapi? Ushirika tuliousoma ni ule wa mazao. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata, 1933, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaunda chama chao kikuu, KNCU. Baadaye zikaja pamba na korosho. Vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na leo twaongozwa na Sheria Namba 6 ya mwaka 2013, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katika safari hiyo yote, chombo cha ushirika kilikuwa mizani. Mkulima huleta gunia, gunia hupimwa, akaandikiwa kilo zake. Sasa twauliza: kazi ya sindano hupimwa kwa mizani gani? Hilo ndilo swali lililotusumbua, na kanga huyu ndiye aliyetujibu.

Vingunguti yajulikana kwa machinjio yake na mnada wa mbuzi, kwa reli, na kwa viwanda vya kando ya Barabara ya Nyerere. Wanawake wengi wa huko huishi kwa biashara ndogo: huyu auza supu, yule vitumbua, mwingine apima mkaa kwa kopo. Biashara ya chakula haina subira. Kisichouzwa leo hutupwa kesho. Wanawake 14 walioanzisha chama chetu walitafuta kazi isiyooza, inayoweza kufanywa barazani hali sufuria i jikoni, na ambayo mtoto akilia mama huiweka chini, kisha akairudia pale pale alipoiachia. Cherehani moja ilikuwa ghali kuliko akiba yetu yote. Sindano na mkasi tulivimudu.

Ndege wetu wa kwanza hakuwa kanga. Tulipata kitabu cha ushonaji kilichotoka nchi za baridi, na ndani yake mlikuwa na kielelezo cha ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Tukamshona kwa bidii. Alikuwa mzuri, walakini kila aliyemwona sokoni alituuliza, "Huyu ndege gani?" nasi hatukuwa na jibu. Wazee walisema kwamba kanga hazai ugenini. Na ndege yule wa kigeni hakutuzalia kitu. Tukaketi tukashauriana. Mmoja wetu alisema kwa mzaha tumshone kunguru, maana ndiye ndege ambaye mtoto wa Vingunguti humwona kila siku juu ya mapaa ya machinjio. Wakacheka wote. Tena kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu naye si mwenyeji: aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale takataka, naye alipokwisha kuzila akaanza kula mayai na makinda ya ndege wengine. Hapo ndipo Bibi, yaani mwanachama wetu mkubwa kuliko wote kwa umri, akaushika upindo wa kanga aliyojifunga, akasema, "Ndege mwenyewe tumemvaa, nanyi mwamtafuta wapi?"

Maneno yake yalikuwa na asili. Watu wa pwani husimulia kwamba nguo ya kanga ilipewa jina la ndege huyu kwa sababu zile za zamani, za karne ya 19, zilikuwa na madoa kama manyoya yake. Husimulia pia kwamba kabla ya hapo wanawake walikuwa wakinunua leso za mkono, wakaziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana; ndiyo maana hata leo Mombasa watu huiita leso, neno lililotokana na Kireno. Basi, kama masimulizi ni kweli, nguo hiyo kabla haijawa kazi ya kiwanda ilikuwa kazi ya sindano ya mwanamke. Tukaona kwamba tunalolifanya si jambo geni.

Sasa twaeleza kitambaa. Kanga wetu hushonwa kwa felti. Felti haifumwi kama nguo nyingine. Ni nyuzi za sufu zilizoloweshwa kwa maji ya moto na kushindiliwa hata zikashikamana. Siku hizi felti nyingi ya madukani ni ya nyuzi za poliesta, lakini tabia yake kwa mshonaji ni ile ile: ukiikata haifumuki ukingoni. Kwa hiyo haihitaji upindo, na kipande kidogo kama ukucha chaweza kukatwa na kushonwa kisiharibike. Tabia hiyo ndiyo iliyomsaidia mwanamke mmoja wa Ujerumani, Margarete Steiff wa mji wa Giengen, ambaye alipooza miguu kwa ugonjwa wa polio tangu utotoni na mkono wake wa kuume ulikuwa dhaifu. Alifungua duka la nguo za felti mwaka 1877, na mwaka 1880 akashona tembo mdogo wa felti wa kuchomekea pini. Watoto wakamtaka tembo yule kwa kuchezea, na kutokana naye kikatokea kiwanda kinachojulikana duniani kote hata leo. Twamtaja kwa kuwa miongoni mwetu wamo wanachama wawili wenye ulemavu wa miguu, na habari hii wameipenda.

Kazi yaanza na kiolezo. Kiolezo hukatwa kwa karatasi ngumu, nacho kina vipande saba: ubavu, uso, tumbo, bawa, mkia, kipembe cha utosini, na kijinyama chekundu cha chini ya mdomo. Kiolezo ni kimoja kwa chama kizima, nacho hutunzwa ofisini. Kila robo ya mwaka hutolewa nakala mpya, maana karatasi iliyozungushiwa chaki mara nyingi huliwa pembeni, na ndege hupungua kidogo kidogo bila mtu kutambua. Mkasi wa felti haukatii karatasi kamwe, kwani karatasi huufanya butu.

Pili ni madoa. Kabla vipande havijaunganishwa, kila ubavu mweusi hutiwa madoa meupe kwa uzi wa kudarizi. Uzi huzungushwa mara mbili juu ya sindano, kisha sindano hurudishwa chini karibu na pale ilipotokea, na kifundo kidogo hubaki juu ya kitambaa. Ubavu mmoja una vifundo 30. Uso wa buluu hushonwa juu ya ubavu, na juu ya uso huja jicho. Juu ya jicho tutasema baadaye.

Tatu ni kuunganisha. Uzi usizidi dhiraa moja, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Ukiwa mrefu zaidi hujisokota na kukatika. Ubavu hushonwa na tumbo kwa kuanzia mdomoni kwenda mkiani, kwa mshono wa kuzungushia ukingo ambao kila pigo hupitishwa ndani ya kitanzi cha uzi wake, kama ule unaoonekana katika pindo za mablanketi. Nafasi kati ya pigo na pigo ni milimita 3. Mshono ukiwa mpana, kijazio huchungulia nje. Ukibana mno, felti hutoboka na kuchanika kwa mstari kama stempu. Ubavu wa pili hufuata, kisha mgongo. Lakini mgongoni huachwa mwanya wa sentimeta 4.

Nne ni kujaza. Zamani tulijaza usufi wa msufi, kama mito na magodoro ya wazee wetu. Usufi ni mwepesi na mlaini, na kwa kuwa maji hayaupenyi kwa urahisi, zamani ulijazwa katika maboya ya kuokolea mabaharia. Hata hivyo una aibu mbili: hushika moto upesi, na ndege akifuliwa hufanya mabonge. Kwa ajili ya watoto tuliuacha, tukachukua pamba ya poliesta inayofulika. Pamba huingizwa kwa kijiti butu, kidogo kidogo, kwa kuanzia mdomoni, kisha shingoni, kisha mkiani, na tumbo huwa la mwisho. Asiye na subira huingiza bonge moja kubwa, na ndege akawa na nundu. Shingo isiposhindiliwa barabara, kichwa huinama baada ya wiki moja, na mnunuzi hudhani ndege ni mgonjwa.

Mwisho, mwanya wa mgongoni hufungwa. Sindano hupenyezwa mwilini hata itokee upande wa pili, uzi huvutwa na kukatwa, na ncha yake hupotelea ndani. Sindano zenyewe hutolewa kwa hesabu na hurudi kwa hesabu. Ikipungua moja, ndege wote wa siku hiyo hupapaswa mmoja mmoja hata ionekane. Kwa mwenye mkono uliozoea, ndege mmoja huchukua saa tano.

Sasa twafikia jicho, na hapa ndipo tuliposema kwamba tuna jambo.

Katika mwaka wetu wa tatu duka moja la zawadi mjini lilituagiza kanga 60 kwa tarehe maalumu. Hatukuwa tumepata kuona oda kubwa namna hiyo. Mpaka wakati huo jicho la kanga lilikuwa la kudarizi kwa uzi, na jicho moja zuri lilichukua dakika 10. Ndege 60 wana macho 120, nayo ni saa 20 za kazi. Kamati ikakubali kwamba badala ya kudarizi tutumie vifungo vidogo vya plastiki vyeusi, kila kimoja kishonwe kwa uzi mara nne. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, nalo lilikuwa la kamati.

Kosa la pili lilikuwa letu sisi tunaosema mbele yenu. Siku mbili kabla ya tarehe, ndege 20 walikuwa bado hawana macho. Akina mama walikuwa wamechoka, tena ilikuwa siku za msiba katika mtaa, na hatukutaka kuwasumbua. Usiku ule sisi, katibu, tuliketi peke yetu ofisini tukabandika vifungo 40 kwa gundi. Asubuhi vilikuwa vimekauka vizuri, na kwa macho hukuweza kupambanua kilichobandikwa na kilichoshonwa. Ndege wote wakafungwa katika maboksi mchanganyiko, wakapelekwa, nasi tukaandika katika kitabu: ndege 60, wamekamilika.

Wiki tatu hazijapita mwenye duka alitupigia simu. Mtoto wa miezi 10 alikuwa amelivuta jicho la kanga, likang'oka, akalitia kinywani. Kwa rehema ya Mungu mama yake alimwona, akalitoa kwa kidole, na mtoto hakudhurika. Mwenye duka hakutukana wala hakutishia. Alisema tu kwamba ndege 49 waliobaki watarudishwa, na kwamba 11 wamekwisha kuuzwa.

Tukaitisha mkutano. Ndege yule mwenye jicho moja akawekwa mezani. Maneno yakaanza, nayo yalikuwa ya uchungu. Watu walisema kwamba aliyeshona jicho lile alishona kwa haraka, na anayeshona kwa haraka twamjua. Macho yakamgeukia mama mmoja ambaye kwa kweli mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wote, naye ndiye aliyeleta ndege wengi zaidi katika oda ile. Yeye alisema, "Mimi uzi wangu napitisha mara nne. Nihesabieni." Lakini hapakuwa na cha kuhesabu, kwa kuwa kifungo kilikuwa kimeng'oka, na ndege wetu hawakuwa na alama ya kuonyesha nani kamshona yupi. Wengine wakasema alipe. Wengine wakasema kwamba ndege 49 wasifumuliwe, bali wauzwe Kariakoo kwa bei ya chini, ambako hakuna atakayeuliza.

Na sisi katibu tulikuwa tumekaa na kalamu, tukiandika kumbukumbu za mkutano. Hatukusema neno. Hilo ndilo tunaloliona zito kuliko gundi.

Bibi hakuwa amesema lolote. Macho yake yalikwisha kupungua nuru kwa mtoto wa jicho, naye huijua kazi kwa vidole. Akamwomba mtu ampe yule ndege. Akapapasa pale jicho lilipokuwa, taratibu, mara mbili. Kisha akasema, "Hapa uzi haukupita. Felti haina tundu. Ina ugumu kama ukoko. Wanangu, hili jicho halikushonwa." Akageuza uso wake upande wa meza yetu akasema, "Katibu, mwanangu, ulituletea gundi?"

Tukajibu, "Ndiyo, Bibi. Ni sisi."

Akanyamaza kidogo, kisha akaligeukia lile shauri la Kariakoo. "Na nyinyi mnaotaka kuwapeleka sokoni," akasema, "mtoto wa mwenye gari ana koo, na mtoto wa Kariakoo hana?" Hakuna aliyejibu, na shauri lile likafa pale pale.

Tuliweka barua ya kujiuzulu juu ya meza. Mkutano uliijadili bila sisi kuwapo, ukairudisha kwa masharti matatu: posho yetu ya miezi minne ikatwe, sisi wenyewe twende tukawatafute wale ndege 11 waliouzwa, na habari hii isifichwe kwa mwanachama yeyote mpya. Gharama iliyobaki ikatolewa katika mfuko wa akiba, ule unaotengwa kila mwaka kutokana na ziada. Palikuwa na mjadala, na ulikuwa wa haki: kwa nini wote wachangie kosa la mmoja? Jibu lililoshinda lilikuwa kwamba ziada ya kazi njema ya mmoja wote huigawana, na anayegawana faida hana budi kukaa mezani siku ya hasara pia. Lakini mwenye kosa alipe kwanza.

Ndege 11 tuliwatafuta kwa muda wa miezi miwili. Mwenye duka alitusaidia kwa wale wanunuzi aliowakumbuka, akaturuhusu kubandika tangazo mlangoni pake. Yule wa kwanza, mwenye jicho moja, alikuwa mmoja wa hao 11. Jumla tuliwapata wanane. Watatu hatujawaona hata leo, wala hatujui kama ni wa uzi au ni wa gundi. Kila tunapopita mahali tukamwona mtoto ameshika kitu cheusi chenye madoa meupe, husimama kumtazama.

Ndege 57 wakafumuliwa macho yao, macho 114, na yote yakadariziwa upya. Yule mama mwenye mkono mwepesi hakuwapo katika kazi hiyo. Siku ya mkutano, neno la gundi liliposemwa, alikunja kanga yake, akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Tulikwenda kwake mara mbili kumwomba radhi, mara ya pili pamoja na kamati nzima. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akasema ametusamehe, lakini hakurudi. Uanachama wa ushirika ni wa hiari, kuingia na kutoka, wala hatuna neno la kumlaumu. Mlango wetu uko wazi kwake, naye anajua.

Tangu siku ile zimewekwa kanuni, nazo zimeandikwa ukutani. Ya kwanza: kanga wetu hana kitu chochote kigumu mwilini mwake, si kifungo, si ushanga, si waya. Jicho ni la uzi. Tulipouliza zaidi tukakuta kwamba ulimwengu mzima ulikwisha kuliona jambo hili. Viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea watoto walio chini ya miaka mitatu hutumia kikopo cha kupimia chenye upana wa milimita 31.7, kitu kinachoingia chote humo huhesabiwa kuwa chaweza kuziba koo. Na katika viwango vya Ulaya jicho la mdoli huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 9, au kilo 5 likiwa dogo sana, nalo halina ruhusa ya kung'oka. Sisi hatukuhitaji mashine kujua kwamba gundi yetu isingestahimili hata mkono wa mtoto mchanga.

Ya pili: kila ndege hushonwa alama ndogo chini ya mkia, ya uzi wa rangi, na kila mshonaji ana rangi yake. Walikuwapo waliotaka alama hiyo iwe ya kumtoza faini mwenye kosa. Mkutano ulikataa. Alama hutumika kujua nani afundishwe nini. Na mara nyingi zaidi imetumika kumpongeza mtu ambaye wateja wameuliza kazi yake. Hata sisi katibu tuna rangi yetu, ingawa ndege wetu bado wana nundu.

Ya tatu: hakuna mtu anayekagua kazi yake mwenyewe. Ndege wa huyu hukaguliwa na yule, na wa mwisho kuwashika ni Bibi. Humminya kila mmoja shingoni na tumboni, hupitisha kidole juu ya mshono, humvuta mkia na mabawa. Asiyefaa humweka kushoto bila kusema ni wa nani, kwa kuwa rangi ya alama haioni. Ndiyo sababu tuliona kazi hiyo ni yake: hawezi kumpendelea mtu.

Na ya nne: oda isiyowezekana kwa tarehe iliyotakiwa hukataliwa, au tarehe huombwa isogezwe. Kanuni hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mwaka uliofuata tulikataa oda moja, na wapo waliolia. Lakini lile duka la kwanza, tulilodhani limetutupa, lilirudi baada ya miezi saba, likaagiza ndege 40, na mwenyewe akasema anatuagiza kwa sababu tulikwenda kuwatafuta wale 11.

Ndugu Mwenyekiti, tuliuliza mwanzoni kazi ya sindano hupimwa kwa mizani gani. Mwaka 1844 huko Rochdale, Uingereza, watu 28, wakiwamo wafumaji, walifungua duka lao dogo la ushirika ambalo twalihesabu kuwa mama wa vyama vyetu. Duka lile lilisifiwa kwa unga usiochanganywa na chaki na kwa vipimo vya haki, wakati ambapo maduka mengine yaliwapunja maskini. Hawakuanza kwa kuuza rahisi. Walianza kwa kuuza kilicho halali. Unga waweza kupimwa na mnunuzi. Lakini ndani ya ndege aliyekwisha kufungwa mgongo, mnunuzi haoni kitu; hajui kama pamba ni safi, kama uzi umepita mara nne au haukupita. Anatuamini. Mizani ya kazi yetu ni hiyo imani yake, na mtu mmoja akiidanganya usiku ofisini, amewapunja wanachama wote.

Hatukuja kulia tu. Tuna maombi mawili kwa Chama Kikuu. La kwanza ni kwamba felti, uzi na pamba vinunuliwe kwa pamoja kwa vyama vyote vya ushonaji. Leo kila chama huenda Kariakoo peke yake, hununua kwa mita, na hulipa bei ya mita. La pili ni kwamba kanuni ya jicho iwe ya vyama vyote vilivyo chini ya Chama Kikuu, si ya Vingunguti peke yake, na tuombe maelekezo ya Shirika la Viwango Tanzania kwa pamoja. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, kama ulivyofanya mwaka 2012, na maneno mengi mazuri yalisemwa. Sisi twaomba kitu kidogo: mtoto yeyote anayepewa kitu kilichoshonwa na mwanachama wetu akitie kinywani bila hofu, maana hakuna mtoto asiyekitia kinywani.

Na kama yupo kati yenu, au kati ya watakaosoma kitabu hiki, aliyenunua mjini kanga mweusi mwenye macho ya plastiki yanayong'aa na asiye na alama chini ya mkia, twamwomba amlete ofisini kwetu Vingunguti. Tutampa mwingine badala yake, wala hatutamuuliza risiti. Wamebaki watatu.

Twamaliza kwa kuwashukuru wanachama 14 walioanza kazi hii barazani, pamoja na yule asiye nasi leo kwa makosa yetu. Chama Kikuu na kiishi miaka mingine 10, na mingine baada ya hiyo.